Bendera ya Nane ya Fundi Kezia

Ukungu wa Kasulu hauna haraka. Hushuka kutoka vilimani alfajiri, ukatandaza mkeka wake barabarani, na mpaka saa mbili maduka ya upande wa pili huwa kama vitu vilivyosimuliwa tu, havijaonekana kwa macho. Hizo ndizo saa alizozipenda Kezia Nduwayezu. Cherehani yake ilikaa karibu na mlango. Kati ya mshono mmoja na mwingine aliinua uso, akautazama weupe ule, na ndani yake akaona kilima cha mama yake: migomba mitatu, jiwe la kusagia ulezi, mlango unaotazama magharibi. Kilima hicho hajawahi kukikanyaga. Amekipata kwa kusimuliwa, kama wengine wanavyopata pua au sauti ya kuimbia.

Mama yake, Ndayikeza, alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa msichana, akikimbia mauaji. Kezia alizaliwa upande huu, Rungwe Mpya, katika nyumba ya udongo iliyozungukwa na maharage, na sasa ana miaka arobaini na minne. Ushonaji alijifunzia Kibondo, katika karakana ya mafunzo iliyokuwa na cherehani sita, mbili zikiwa mbovu. Mwalimu wake, Bi Asmahani, alikuwa mwanamke mwembamba wa Kiislamu mwenye asili ya Tanga, ambaye hakupandisha sauti hata siku moja, na kwa sababu hiyo wanafunzi walimwogopa sana. Alifundisha kwa kurudia jambo lile lile mpaka likaingia mkononi.

"Kitambaa kilichokatwa mshazari hakijui bado urefu wake," alisema Bi Asmahani. "Kitundike. Kiache siku mbili kijinyooshe kadiri kinavyotaka, ndipo ukate pindo. Ukikiharakisha, kitakuumbua mbele za watu."

Kezia alilishika neno hilo kama wengine wanavyoshika aya. Sketi za mshazari, magauni ya maharusi, majoho ya wanakwaya: vyote vilining'inia mlangoni mwake siku mbili kamili kabla ya kupindwa. Wateja wenye pupa walilalamika, kisha walirudi. Nguo zake hazikuwa na pindo linalopanda huku na kushuka kule, na katika mji ambamo watu hutazamana sana siku za Ijumaa na Jumapili, jambo hilo si dogo.

Kibondo walimwita Kezia wa wakimbizi. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Walimwita kama mtu anavyoitwa Juma wa kisimani. Alipohamia Kasulu jina likamfuata. Likakaa naye sokoni, likakaa naye kanisani, likasimama naye kwenye foleni ya zahanati. Ndipo ukaja mwaka wa karatasi za uraia. Waliotaka kuwa Watanzania walitakiwa kwanza kuukana uraia wa kule walikotoka. Kezia alitia sahihi, akajitoa katika nchi ambayo hakuwahi kuingia. Mama yake alitia dole gumba, akalifuta kwa ncha ya kitenge, akarudi nyumbani na kukaa siku mbili bila kusema neno. Siku ya tatu aliomba uji, na habari hiyo haikutajwa tena.

Tangu hapo jina lilianza kubadilika, polepole, kama rangi inavyochujuka kwa kufuliwa. Siku moja mtoto aliyetumwa vifungo alisimama mlangoni akauliza, "Hapa ndipo kwa Fundi Kezia wa Kasulu?" Kezia alimhesabia vifungo vyake bila kuonyesha lolote usoni. Mtoto alipokwenda, alikaa kitambo kirefu akiyasikiliza maneno hayo yakizunguka chumbani. Fundi Kezia wa Kasulu. Lilikuwa jina alilolishona mwenyewe kwa miaka ishirini, na aliliogopea kuliko kitu chochote alichokuwa nacho.

Sasa, Mzee Abbasi, mwenye duka la vitambaa na mwenyekiti wa kamati ya wafanyabiashara, alimjia na kazi ambayo hakuna fundi mwingine aliyeitaka. Kulikuwa na soko la ujirani mwema linaloandaliwa Munanila, karibu kabisa na mpaka, na kamati ilitaka bendera za nchi zote nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki zipepee kwenye milingoti minane.

"Shikamoo, Mzee Abbasi."

"Marahaba, binti yangu. Fundi Badru amenikatalia. Anasema bendera ni kazi ya kompyuta. Mimi nataka za kushonwa, zenye uzito. Upepo wa Munanila unachana makaratasi."

Kezia alizitazama picha moja moja, akiziona tayari zikiwa vipande mezani. Nyingi zilikuwa mistari iliyonyooka, kazi ya siku moja. Lakini tatu zilimfanya akune kidevu: ya Tanzania, yenye ukanda mweusi unaopanda kutoka pembe hadi pembe, ya Kongo, yenye ukanda mwekundu unaopanda vivyo hivyo, na ya Burundi, yenye kanda mbili nyeupe zinazopishana katikati. Hizo zote ni za kukatwa mshazari. "Hizi tatu zitataka kutundikwa," alisema, na Mzee Abbasi, aliyeuza vitambaa maisha yake yote, aliitikia kwa kichwa bila kuuliza.

Akaanza na ya Tanzania. Ilining'inia mlangoni Jumatatu na Jumanne, ikijinyoosha taratibu, na watu walipita wakisema, "Umependeza, fundi." Ya Kongo ilikaa Jumatano na Alhamisi. Wapita njia waliitazama, wakaendelea na safari zao.

Wakati huo, barazani kwa Khamisi kinyozi, mlango wa tatu kutoka kwake, yalikuwa yameanza maneno. Redio ilikuwa imeleta mjadala: wako wanasiasa wa Burundi, wasemaji tu, wasio na mamlaka yoyote, waliotaka nchi yao ijitoe katika Jumuiya, na wako waliowapinga. Kwa watu wa mbali hiyo ni habari ya dakika tatu. Kwa Kasulu, ambako mtu huweza kuwa na shangazi pande zote mbili za mpaka, ilikuwa chumvi iliyomwagwa kidondani.

Khamisi alikuwa upande wa kubaki. "Mtu hajitoi shughulini baada ya kula pilau," alisema, wembe ukiwa juu ya kisogo cha mteja. "Akishiba ndipo anakumbuka kwamba hakualikwa vizuri!"

"Pilau gani, wewe?" Huyo alikuwa Tharsisi, muuza maharage, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Naye wazazi wake walivuka mwaka ule ule wa sabini na mbili. "Walikula nini? Kila wakifika mpakani wanaulizwa karatasi. Jumuiya ya kuulizwa karatasi! Nchi si kuku, bwana, ya kufungiwa bandani. Wajitoe, wapumue."

"Na kuku akitoka bandani analala wapi?"

"Juu ya mti!"

"Basi mwambie asilie akimwona paka."

Watu walicheka, hata Tharsisi. Lakini kicheko cha Jumatatu kikawa kikavu Jumatano, na kufikia Ijumaa wawili hao walikuwa hawanunuliani hata kahawa. Kila aliyepita aliulizwa yuko wapi, wa kubaki au wa kujitoa. Kezia alipita akiwa ameinamisha macho, mkoba kifuani. Alijua mjadala ule haukuwa wake. Alijua pia kwamba ungegeuka wakati wowote na kumtazama usoni.

Na Ijumaa ndiyo siku ilipofika zamu ya bendera ya Burundi kutundikwa.

Alisimama katikati ya chumba akiwa ameishika kwa ncha mbili. Angeweza kuificha. Angeweza kuitundika chumba cha nyuma, lakini huko paa ni la chini na kitambaa kingegusa sakafu. Angeweza kuipinda pale pale bila kuitundika, na mkono wake, ambao haukuwahi kufanya hivyo tangu Kibondo, ulikataa. Akaipachika mlangoni, akarudi kwenye cherehani. Upepo mwepesi ukaijaza, ukaiacha, ukaijaza tena. Kwa kitambo Kezia alihisi kwamba chumba kizima kinapumua, na kwamba ng'ambo ya kitambaa, pale ukungu ulipokuwa ukipasuka, kilima chenye migomba mitatu kilikuwa kimesogea mpaka ukingoni mwa barabara.

Sauti ya Tharsisi ilimrudisha.

"Dada Kezia! Umerogwa?"

"Mwakeye, kaka Tharsisi," alimwamkia kwa Kirundi.

"Hakujakucha vizuri. Toa hiyo!" Alishusha sauti, akaingia ndani, jasho likimtoka. "Watu wanapigana midomo huku, wewe unapandisha bendera? Tena wewe? Unajua watakavyosema. Watasema damu inawaita. Si wewe peke yako watakayemsema. Ni mimi, ni watoto wangu, ni sisi sote tulioandikiwa karatasi juzi."

"Nimeitundika ijinyooshe."

"Ijinyooshe nini?"

"Imekatwa mshazari."

Tharsisi alimtazama kama mtu anayeelezwa ndoto ya mwenziwe. Akatoka akitikisa kichwa. Kufikia adhuhuri mtaa ulikuwa umeshaisoma bendera ile kwa namna mbili. Watu wa Khamisi walipita wakimwinulia mkono, wakisema, "Safi, fundi, wabaki, wabaki!" Watu wa kujitoa walisema amewakejeli. Na mama mmoja, mteja wa siku nyingi, alipita na binti yake bila kuingia. Kezia akamsikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeelekeza njia: "Pale, kwa yule mkimbizi."

Kezia aliondoa mguu kwenye pedali. Hakulia. Alikata uzi, akautunga upya.

Jioni alimsimulia mama yake, aliyekuwa akipepeta mtama uani. Ndayikeza alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwana wanje," alisema, "je, kitambaa kimefika mwisho wa kunyooka?"

"Bado siku moja."

"Basi kiache hiyo siku." Akaendelea kupepeta.

Jumamosi baada ya sala ya alasiri kamati ilikutana kwenye baraza la duka la Mzee Abbasi. Waliokuja ni wengi kuliko wanakamati. Mzee Abbasi alikuwa na haya usoni. Alimpenda Kezia kwa unadhifu wa kazi yake, lakini mwenyekiti ni mwenyekiti. Akasema kwamba kumekuwa na malalamiko, kwamba soko ni la amani, kwamba kuna walioomba bendera ile iachwe mpaka wenyewe wajue wanataka nini.

"Aseme yuko upande gani!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. "Wabaki au wajitoe? Afumbue kinywa!"

Wote wakageuka. Kezia alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho, futi ya kupimia bado ikiwa shingoni. Alisimama kwa sababu hakujua namna nyingine ya kujibu wakubwa.

"Jumatatu nilitundika bendera yetu," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu wanyamaze ili waipate. "Ilikaa siku mbili pale pale mlangoni. Ina ukanda wa mshazari, na mshazari hauna budi kutundikwa kabla ya kupindwa, la sivyo pindo litapanda. Mlipita, mkasema nimependeza. Jumatano nikatundika ya Kongo kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna aliyeniuliza kama mimi ni Mkongo. Jana nimetundika ya tatu. Kitambaa ni kile kile, tetroni kutoka duka hili. Mkasi ni ule ule. Kilichobadilika ni macho yenu."

Akaketi. Wengi walilisikia lile neno dogo, *yetu*, ambalo alilisema bila kulikazia, kama mtu anavyosema nyumba yetu.

Lakini mikutano ina mazoea yake, na aibu haipigi kura. Kamati iliamua kwamba milingoti itakuwa minane na bendera zitakuwa saba, mpaka mambo yaeleweke. Mzee Abbasi alizichukua saba mwenyewe Jumatatu yake, zimekunjwa, zimepigwa pasi. Ya nane Kezia aliipinda kama zingine, pindo la upana wa kidole, akaitia kwenye mkoba. Hakujua anaipeleka wapi. Hakuweza tu kuiacha nyumbani.

Siku ya soko Kezia na watu wa mtaa walipanda lori la Tharsisi, lililojaa magunia ya maharage, wakapita Buhigwe. Munanila ilikuwa juu, baridi, na vilima vya upande wa pili vilikaa karibu mno, vya samawati, vikielea juu ya ukungu kama vilivyokatwa kwa mkasi na kuwekwa hapo kwa muda. Kezia alitafuta kimoja chenye migomba mitatu. Vyote vilikuwa na migomba, mamia kwa mamia, na kwa mara ya kwanza alitambua kwamba asingeweza kukijua hata kama angekuwa anakitazama.

Milingoti ilikuwa imesimikwa kwenye uwanja wa nyasi. Bendera saba zilipepea. Mlingoti mmoja ulisimama mtupu, ukionekana kuliko yote.

Saa tatu walitokea wanawake wa ng'ambo. Walishuka kwenye kijia mmoja nyuma ya mwingine, yapata sitini, wakiwa na vikapu vya vitunguu na viazi vichwani na madumu ya mawese mikononi, na vitenge vyao viliupasua ukungu kwa rangi. Walipofika ukingo wa uwanja, wa mbele alisimama. Alitazama milingoti, akahesabu kwa midomo. Wote nyuma yake wakasimama. Hawakupiga kelele wala hawakurudi. Walibaki tu wamesimama na mizigo vichwani.

Wenyeji wa soko walianza kuwaita. "Karibuni! Shukeni! Tueni mizigo!" Hakuna aliyetua. Kezia aliwaelewa kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu alilelewa hivyo: katika desturi ya mama yake mgeni hatui mzigo mpaka aonyeshwe mahali pake, hata kama shingo inavunjika. Kumwambia atue bila kumwonyesha mahali ni kumwambia aende zake kwa maneno mazuri.

Dakika zilipita. Vikapu vilianza kutetemeka. Khamisi, aliyekuja kunyoa watu wa soko, alisema kwa sauti ya chini, "Hawa wanasubiri nini?"

Mzee Abbasi alivuka uwanja kwa hatua fupi mpaka alipokuwa Kezia. Kofia yake ilikuwa mkononi.

"Fundi," alisema, "unayo?"

Kezia aliushika mkoba. Watu wote wa Kasulu walikuwapo: walionunua kwake, walioacha kununua, yule mama na binti yake. Akiitoa, kila mmoja angeona ni mkono wa nani ulioitoa. Wangeenda nalo nyumbani jambo hilo, na labda jina lile la zamani lingemrudia, likae mpaka kaburini. Aliwatazama wanawake wale. Wa mbele alikuwa na umri wa mama yake, na jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni, lakini shingo yake ilikuwa imenyooka.

Akafungua mkoba.

Alitembea peke yake mpaka kwenye mlingoti mtupu. Vidole vyake, visivyokosea kutunga uzi sindanoni, vilihangaika na kamba. Ndipo mkono mnene ukaipokea.

"Unafunga kama unafunga mbuzi," Tharsisi alinguruma. "Leta hapa."

"Wewe si unataka wajitoe?"

"Nataka, ndiyo. Na nitasema hivyo hivyo kesho pale kwa Khamisi." Alikaza fundo kwa meno. "Lakini anayejitoa hujitoa kwa miguu yake mwenyewe, dada. Hatolewi na mimi nikiwa nauza maharage. Vuta!"

Wakavuta pamoja. Juu, kitambaa kilijaa upepo kwa mpigo mmoja. Yule mwanamke wa mbele alikitazama mpaka kikatulia, kisha akainama na kutua kikapu chake kwenye nyasi, na nyuma yake vikapu sitini vikatua kwa sauti moja laini, kama kundi la ndege linaposhuka shambani.

"Amahoro," alisema, akiwatakia amani.

"Amahoro," uwanja ukajibu, hata wasiojua Kirundi.

Mabishano hayakwisha. Kabla ya saa nne Khamisi na Tharsisi walikuwa wakigombana tena mbele ya wageni, na wageni, walipoielewa mada, waligawanyika pia, dada kwa dada, wakipigana vijembe kwa furaha juu ya mafungu ya vitunguu. Yule mama wa Kasulu alipita mbele ya meza ya Kezia mara mbili. Mara ya pili alisema, "Fundi, habari za leo," akaenda zake. Kezia hakujua kama hilo lilikuwa jina lake kamili au nusu yake. Aliliacha.

Mwanamke kijana kutoka ng'ambo alisimama mezani akishika kitenge cha kijani chenye maua ya manjano.

"Nataka gauni la mshazari. La kanisani. Unaweza?"

"Ninaweza. Nyosha mikono."

Kezia alimzungushia futi kifuani, kiunoni, nyongani. Akapima kutoka bega hadi chini ya goti, akaandika kila namba kwenye daftari kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka.

"Nije lini?"

"Soko lijalo."

Mwanamke aliwatazama wanaobishana, akacheka kidogo. "Na kama tutakuwa tumeshajitoa?"

Kezia alifikiri. Alipenda kujibu swali la mteja kwa ukweli.

"Vipimo vyako ninavyo," alisema. "Geuka, nipime mgongo."